Sofonisba Anguissola: jina kwenye ubao wa sataranji

Ukiwauliza wanafunzi wanaokuja kwenye vipindi vyetu vya historia ya sanaa wakutajie wachoraji wa Renaisansi, kile kipindi cha kufufuka kwa sanaa Ulaya, watakutajia Leonardo, Michelangelo na Raphael, basi. Sofonisba Anguissola hatajwi. Alizaliwa Cremona, kaskazini mwa Italia, yapata 1532, katika nyumba ya kiungwana yenye mabinti sita na mtoto mmoja wa kiume. Baba yake, Amilcare, alimpeleka yeye na mdogo wake Elena kusomea uchoraji kwa fundi Bernardino Campi, jambo ambalo waungwana wenzake hawakuwa na mazoea nalo.

Lakini binti wa heshima hakuruhusiwa kuchora miili iliyo uchi, na bila zoezi hilo ni vigumu kupata zile kazi kubwa za makanisani. Basi akachora waliokuwepo nyumbani. Katika picha ya mwaka 1555, iliyopo sasa Poznań, Poland, wadogo zake watatu wanacheza sataranji. Lucia anatutazama sisi. Minerva kainua mkono kama mtu anayetaka kupinga. Europa, aliye mdogo kuliko wote, anamwangalia Minerva na kucheka, meno nje, kicheko cha mtoto anayefurahia mwenzake kufungwa. Nyuma yao mtumishi wa kike anachungulia. Ukingoni mwa ubao kuna Kilatini: Sofonisba, binti Amilcare, ndiye aliyewachora. Wakati huo watu waliochorwa walikaza nyuso kama wako mahakamani. Hapa unakaribia kuwasikia wakibishana.

Hata Michelangelo alishtuka. Alipoona mchoro wa Sofonisba wa msichana anayecheka, alisema mvulana anayelia ni mgumu zaidi. Sofonisba akamchora kaka yao mdogo, Asdrubale, akilia kwa kubanwa kidole na kamba wa mtoni.

Mwaka 1559 aliitwa Hispania, kwa cheo cha mwandani wa Malkia Elisabeth de Valois, mke wa Mfalme Felipe II, naye akamfundisha malkia kuchora. Cheo hicho kilimpa posho na zawadi, ila picha zake za ikulu hakuzisaini. Ndiyo maana picha ya Felipe iliyopo kwenye jumba la makumbusho la Prado, Madrid, kwa muda mrefu ilihesabiwa kuwa ya mchoraji mwanamume. Eksirei zimeonyesha kwamba aliichora 1565, kisha akaifanyia marekebisho 1573. Rozari iliyo mkononi mwa mfalme ni ya mara ya pili.

Aliolewa mara mbili, mara ya pili na nahodha Orazio Lomellino, akaishi Genoa na baadaye Palermo. Huko, Julai 1624, Anthony van Dyck, mchoraji kijana wa miaka 25, alimtembelea. Bibi huyo alikuwa amepita miaka 90 na macho yamefifia. Van Dyck alimchora kwenye daftari lake, akaandika pembeni alichoagizwa: mwanga usitoke juu sana, vivuli vya makunyanzi visije vikazidi.