ABI: kipimo kinachotangulia bandeji ya mguu

ABI (ankle-brachial index, yaani uwiano wa presha ya kifundo cha mguu na ya mkono) ni namba moja tu. Hupatikana kwa kuchukua ile namba ya juu ya presha ya damu, yaani sistoli, iliyopimwa kwenye kifundo cha mguu na kuigawanya kwa sistoli iliyopimwa mkononi. Mtu mwenye ateri safi, yaani mishipa inayotoa damu moyoni, akilala chali, presha ya kifundoni hulingana na ya mkononi au huizidi kidogo, kwa hiyo jibu huwa 1 na pointi kidogo. Ateri za mguu zikianza kuziba kwa mafuta na chokaa, damu hufika chini imeshapoteza nguvu, na namba hushuka.

Kwenye somo la magonjwa ya mishipa ya damu, kipimo hiki mara nyingi hupewa mstari mmoja, kisha mwalimu huhamia kwenye dawa za kuzuia damu kuganda, heparini na wafarini. Kinastahili zaidi ya hapo. Ndicho kinachoamua kama mgonjwa mwenye kidonda cha mguu afungwe bandeji ya kubana au asifungwe, na kosa lake huweza kumgharimu mguu.

Mguu wenye shida ya mishipa huwa na moja kati ya matatizo mawili: damu haifiki, au damu hairudi. Ni kama jaruba la mpunga: linaweza kuharibika kwa mfereji wa kuingiza maji kukauka, na linaweza kuharibika vilevile kwa mfereji wa kutolea maji kuziba. Dawa ya hali moja ni sumu ya nyingine. Kwa mguu ambao damu hairudi, yaani ugonjwa wa vena, tunabana kwa bandeji na kuinua mguu juu ya usawa wa moyo, nusu saa kila mara, mara kadhaa kwa siku. Kwa mguu ambao damu haifiki, yaani ugonjwa wa ateri, bandeji hiyo huminya kile kidogo kilichokuwa kinapita, na kuinua mguu hukipunguza zaidi.

Macho husaidia kuanza. Kidonda cha vena hupenda kukaa juu kidogo ya jicho la mguu la ndani. Kingo zake hazina mpangilio, hakina kina, hutoa majimaji mengi, na ngozi inayokizunguka huwa ya kahawia iliyokolea na ngumu. Kwenye ngozi nyeusi rangi hiyo huonekana kama weusi uliozidi, kwa hiyo linganisha na mguu wa pili. Kidonda cha ateri hukaa kwenye ncha za vidole, kisigino au sehemu zinazosuguliwa na kiatu, kimekatwa kama kwa patasi, chini kimepauka, na kinauma zaidi usiku. Mgonjwa atakwambia kwamba hulala mguu ukining'inia kitandani ndipo apate usingizi. Maelezo hayo yana thamani kubwa kuliko wanafunzi wengi wanavyodhani. Lakini kuna vidonda vya mchanganyiko, kuna vya kisukari, na kuna vya vijana wenye seli mundu ambavyo pia hukaa karibu na kifundo. Macho peke yake hayatoshi kuruhusu bandeji.

Vifaa ni vichache: mashine ya presha ya kupampu kwa mkono, kafu (ule mkanda wa hewa unaofungwa) ya saizi sahihi, jeli, na dopla ndogo ya mkononi, yaani kifaa kinachosikilizisha mwendo wa damu, yenye kichwa cha megahezi 8 hivi. Stetoskopu haifai kwenye kifundo, kwani sauti za pale ni hafifu mno.

Mlaze mgonjwa chali, mto mmoja kichwani, soksi na viatu vikiwa vimevuliwa, apumzike dakika 10. Hapa ndipo haraka ya wodini inapoharibu kazi. Mtu aliyetoka kutembea ana presha ya mkono iliyopanda na ya kifundo iliyoshuka, hivyo namba itatoka ndogo kuliko hali yake. Kama kuna kidonda pale kafu inapopita, kifunike kwanza kwa plastiki safi.

Pima mikono yote miwili, pia kwa dopla, na uchukue namba iliyo kubwa. Si anasa: ateri ya bega moja inaweza kuwa na ufinyu wake, na ukipima mkono huo pekee utagawanya kwa namba ya uongo. Mkono wenye fistula, yaani mshipa uliounganishwa kwa upasuaji kwa ajili ya kusafishia damu, uuache.

Kisha funga kafu juu kidogo ya kifundo. Katika kila mguu kuna ateri mbili za kutafuta. Moja iko mgongoni mwa unyayo: mwambie mgonjwa ainue kidole gumba, utaona ukano umejitokeza, na ateri iko pembeni yake kwa upande wa vidole vidogo. Nyingine iko nyuma ya jicho la mguu la ndani. Weka jeli ya kutosha, inamisha kichwa cha dopla nyuzi 45 hadi 60 kuelekea juu ya mguu, na usikandamize. Ateri ya mgongoni mwa unyayo inapita juu ya mfupa bila nyama. Mkono mzito huifunga, kisha mwanafunzi anaandika kwamba haipo. Ukishasikia mpigo vizuri, pampu hadi sauti ipotee, ongeza milimita 20 za zebaki, halafu punguza hewa taratibu, milimita 2 kwa sekunde. Sauti ya kwanza inayorudi ndiyo sistoli. Ukiachia hewa kwa kasi, sindano itakuwa imeshapita namba ya kweli kabla sikio halijaisikia.

Tuseme mkono wa kulia umetoa 138 na wa kushoto 132. Mguu wa kulia, ateri ya mgongoni mwa unyayo ni 96, ya nyuma ya jicho la mguu ni 104. Mguu wa kushoto ni 140 na 134. Kwa kila mguu chukua namba kubwa, ugawe kwa mkono mkubwa. Kulia: 104 ÷ 138 = 0.75. Kushoto: 140 ÷ 138 = 1.01. Kila mguu una ABI yake, usitafute wastani.

Sasa mketishe mgonjwa huyohuyo kwenye kiti, miguu ikiwa chini. Kila sentimita ya damu iliyosimama kati ya moyo na kifundo huongeza karibu milimita 0.8 za zebaki. Umbali huo akiwa ameketi ni kama sentimita 75, basi 104 inakuwa takribani 164, na ABI yake inasomeka 1.19. Ateri iliyoziba imegeuka nzima kwa sababu ya kiti. Ndiyo maana hatuoneani haya kumrudisha mwanafunzi aanze upya akikuta mgonjwa wake ameketi. Kafu ndogo kwa mguu mnene nayo hupandisha namba kwa uongo. Upana wa mfuko wake wa hewa uwe kama asilimia 40 ya mzingo wa mguu pale inapofungwa.

Kusoma jibu hakuna ugumu. Kati ya 1.00 na 1.40 ni kawaida. 0.91 hadi 0.99 ni mpakani. 0.90 kushuka chini ni ugonjwa wa ateri, na chini ya 0.40 ni mbaya sana, mguu uko hatarini. Mgonjwa wetu mwenye 0.75 huenda ndiye yule anayesema kigimbi kinamkaza akitembea umbali fulani, akisimama dakika chache kinaachia.

Namba inayowapumbaza watu ni ile ya juu ya 1.40. Kwa mgonjwa wa kisukari cha miaka mingi, au wa figo, ukuta wa ateri hujaa chokaa ukawa mgumu kama bomba. Kafu inashindwa kuuminya, namba inapaa, na asiyejua huandika "damu inafika vizuri sana". Haijulikani kama inafika. Tena ateri ngumu yenye ufinyu inaweza kutoa 1.05 inayoonekana nzuri kabisa. Kwa wagonjwa hawa sikiliza sauti yenyewe: ateri nzima hutoa mlio wa hatua mbili au tatu, iliyoziba hutoa mvumo mmoja mzito. Kipimo bora kwao ni presha ya kidole gumba cha mguu, kwa sababu ateri za vidole hazishikwi na chokaa kwa kiasi hicho. Huko uwiano wa presha ya kidole na ya mkono ukiwa chini ya 0.70 si wa kawaida.

Tukirudi kwenye bandeji: kwa kidonda cha vena chenye ABI ya 0.80 hadi 1.30, bandeji ya kubana kikamilifu, yaani milimita 40 hivi kifundoni ikipungua kuelekea gotini, kwa kawaida huruhusiwa. Kati ya 0.50 na 0.80 mbano hupunguzwa, tena kwa uamuzi wa mtaalamu wa mishipa. Chini ya 0.50 hakuna mbano, mgonjwa apewe rufaa haraka. Hata namba ikiwa nzuri, mwenye moyo ulioshindwa kufanya kazi na ambao haujatulia usimbane miguu yote miwili kabla daktari hajasema. Maji utakayoyasukuma kutoka miguuni yataishia kifuani.

Kwa wafungaji: pamba kwanza, hasa juu ya muundi na ukano wa kisigino, kisha bandeji kuanzia chini ya vidole hadi chini ya goti, unyayo ukiwa nyuzi 90, kila mzunguko ukifunika nusu ya uliotangulia. Ukivuta kwa nguvu ileile, sehemu nyembamba hubanwa zaidi kuliko nene. Kwa hiyo mguu mwembamba hulindwa kwa kuongezewa pamba. Angalia vidole baada ya nusu saa. Vikiwa vya baridi, vimepauka, vina ganzi, au maumivu yamezidi, fungua hapohapo, ndipo uulize.

Mahali pasipo na dopla, usibane. Safisha kidonda, funga bandeji nyepesi ya kushikilia tu, panga rufaa. Mpigo unaoshikika kwa vidole ni habari njema lakini hauthibitishi kwamba ABI ni nzuri. Wala usipime mguu mmoja uliovimba ghafla na kuuma kigimbi. Hapo shuku damu iliyoganda kwenye vena za ndani, usikande wala kupampu kafu. Na mguu uliokuwa mzima ukawa baridi ghafla, umepauka, hauna mpigo, ganzi inapanda na vidole havisogei, huo hausubiri mahesabu. Misuli huanza kuharibika kabisa ndani ya saa 6 hivi. Mwite daktari, uache mguu ukiwa umeshuka kidogo, usiuweke chupa ya maji ya moto.

Kwenye faili andika presha zote sita pamoja na uwiano, na utaje alilalaje. Atakayepima baada ya miezi 3 atahitaji kujua kama namba imeshuka kweli: tofauti inayozidi 0.15 huhesabiwa kuwa badiliko, iliyo chini ya hapo inaweza kuwa mkono wa mpimaji tu.