Sakarati ya mauti kwa mgonjwa wa saratani

Sakarati ya mauti ni kipindi cha saa au siku chache za mwisho, ambamo viungo vya mwili huacha kazi kimoja baada ya kingine. Neno hili halina budi kutofautishwa na hali ya kuwa hoi, kwa sababu mgonjwa wa saratani anaweza kulala hoi kitandani kwa miezi mingi, akila kijiko kimoja cha uji wa uwele na kusinzia mchana kutwa, bila kuwa katika sakarati.

Tofauti hiyo ina uzito kwa familia ya Dodoma, ambayo huenda ikalazimika kuamua kama mgonjwa asafirishwe tena kilomita zipatazo 450 hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, au abaki nyumbani na ndugu walioko Kondoa na Mpwapwa waitwe.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, ukiongozwa na daktari David Hui wa MD Anderson, hospitali ya saratani iliyoko Houston, Marekani, ulifuatilia wagonjwa 357 wa saratani huko na katika hospitali ya Barretos, Brazili, wakipimwa kila baada ya saa 12. Dalili nane zilibainika kuwa zinaashiria kwa nguvu kifo ndani ya siku tatu. Mboni za macho hazisinyai zikimulikwa kwa tochi; mgonjwa haitikii ipasavyo anapoitwa, wala hafuatishi kwa macho kinachopita mbele yake; kope hazifungi sawasawa hata akiwa usingizini; mikunjo inayoshuka kutoka puani hadi pembe za mdomo hulegea, uso ukaonekana kama umenyooshwa; shingo hurudi nyuma; koo hutoa mguno pumzi inapotoka; na damu hutoka sehemu ya juu ya njia ya chakula, akaitapika au akatoa choo cheusi kama lami.

Kazi iliyotangulia ya timu hiyo hiyo iliongeza nyingine ambazo wauguzi wanazijua vyema: mkojo kupungua sana, mapigo ya kifundo cha mkono kutopapasika, taya kupanda na kushuka kwa kila pumzi, pumzi zinazozidi kina kisha kufifia na kukatika kwa muda, na mkoromo wa mate yaliyobaki kooni.

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Dalili hizi zikionekana zinasema mengi, lakini zisipoonekana hazithibitishi kwamba muda bado upo, kwani wagonjwa wengi hufariki bila kuonyesha hata nusu yake. Kwa upande mwingine, usingizi mzito au kuchanganyikiwa pekee si sakarati: malaria, upungufu wa maji, kalsiamu iliyozidi katika damu au dozi ya mofini, dawa kali ya maumivu, vinaweza kuleta hali hiyo hiyo, na vingine kati ya hivyo hutibika. Kwa hiyo naona ni haki ya mgonjwa kwamba muuguzi au daktari amwone kwanza, kabla jamaa hawajaanza kusema kwamba safari imefika.

Mkoromo ndio unaowatisha zaidi wanaomkesha, ingawa mgonjwa aliyekwisha kupoteza fahamu haonekani kuteseka nao. Kumlaza ubavu, kichwa kikiwa kimeinuka kidogo, mara nyingi huupunguza. Kumnywesha uji kwa nguvu, jambo ambalo hufanywa kwa mapenzi, humweka katika hatari ya kupaliwa. Kitambaa safi kilicholowa maji kikipitishwa midomoni kinamfaa zaidi. Dawa ya maumivu haiachwi kwa kuwa mgonjwa amenyamaza, na asipoweza kumeza, mtoa huduma wa tiba shufaa, yaani tiba ya kupunguza maumivu na mateso ya mgonjwa, ndiye wa kuulizwa namna nyingine ya kuitoa. Walio kando ya kitanda waendelee kumwita kwa jina na kumweleza nani ameingia, hata kama hatoi jibu.