Je, wajua kwa nini maji safi ya kunywa hayafai kusafishia damu?

Hospitali ya Bugando, jijini Mwanza, imekaa kilimani, na chini yake Ziwa Victoria limetanda. Miongoni mwa wanaokipanda kilima hicho wamo wagonjwa ambao figo zao zimeshindwa kazi. Kwa kawaida mgonjwa wa aina hii husafishwa damu mara 3 kwa wiki, saa 4 hivi kila mara. Wengi wetu tukiitazama mashine yenyewe tunaona umeme, mirija na dawa. Hatuoni maji, na maji ndiyo inayoyatumia kwa wingi kuliko kitu kingine chochote.

Damu hutoka mwilini kwa mrija, hupita ndani ya maelfu ya nyuzi nyembamba zilizo wazi katikati, kisha hurudi. Nje ya nyuzi hizo hupita maji yaliyotiwa chumvi kwa vipimo. Urea, potasiamu ya ziada na taka nyingine hupenya kuta za nyuzi na kuondoka na maji. Lakini ukuta unaoruhusu taka kutoka huruhusu pia sumu kuingia.

Maji hayo hupita nusu lita kila dakika. Kwa saa 4 ni lita 120, yaani ndoo 6 kubwa. Kwa wiki ni lita 360. Mtu mwenye afya hunywa lita 2 hivi kwa siku, nayo hupitia utumbo na ini kwanza. Mgonjwa wa figo mara nyingi huambiwa asizidishe lita 1 kwa siku (mateso makubwa kwa joto la Mwanza), ilhali damu yake inakutana na maji yote yale bila utumbo wala ini kuyatangulia.

Klorini inayotukinga na kipindupindu, ikifika kwenye damu kwa njia hiyo, hupasua chembe nyekundu. Aluminiamu, iliyomo kwenye shabu ya kutulizia tope, hujikusanya kwenye mifupa na ubongo.

Kisha kuna sumu ya ule ukijani unaoelea majini. Mwaka 1996, katika mji wa Caruaru nchini Brazili, kituo cha kusafisha damu kilitumia maji ya bwawa ambayo hayakutibiwa vya kutosha. Yalikuwa na sumu ya sianobakteria, viumbe wadogo wanaofanya ukijani huo. Wagonjwa walianza kuona ukungu na kutapika, maini yakaharibika, na wapatao 50 wakafa. Viumbe hao wamo hata katika Ghuba ya Mwanza; hustawi maji yanapotulia, yakapata joto na kurutubishwa na mbolea na majitaka. Kuchemsha hakuiondoi sumu hiyo.

Kwa hiyo maji ya bomba, hata yakiwa safi kwa kunywa, husafishwa upya hospitalini. Huchujwa mchanga na tope, hupunguzwa chokaa, hupitishwa kwenye mkaa maalumu unaonasa klorini, halafu husukumwa kwa nguvu kupenya utando wenye vitundu vidogo mno. Mtambo huo hukaa chumba cha nyuma, ndugu wa mgonjwa wasikouona. Mkaa ukichakaa, klorini hupita bila kuonekana kwa macho, ndiyo maana utaratibu unataka ipimwe kabla ya kila zamu, mgonjwa wa kwanza akiwa bado hajaunganishwa.