Mwenzenu Akitolewa Hogo Bado Hajapona

Fundi akidondoka kutoka kwenye mirunda ya ghorofa ya pili, saiti nzima inasimama. Kuna wa kumkimbiza hospitali, kuna wa kuwapigia ndugu zake simu, na jioni kundi la WhatsApp linaanza kukusanya michango. Wiki ya kwanza wageni wanajaa wodini mpaka muuguzi analalamika. Wiki ya tatu wanaanza kuhesabika. Mwezi wa tatu, siku ya kutolewa ile plasta ngumu ya P.O.P ambayo wengi tunaiita hogo, anakuja kliniki na mke wake tu, na kule kazini watu wanaambizana kwamba jamaa ameshapona. Sisi wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo, tunampokea hapo hapo wenzake wanapomwachia. Makala hii inahusu zaidi kipindi hicho, ingawa lazima nianzie siku ya ajali.

Anayeangukia miguu huvunjika kisigino kwanza, lakini nguvu ya kuanguka haiishii hapo. Inapanda kwenye ugoko, goti na nyonga hadi pingili za kiuno. Kati ya watu 10 waliovunjika kisigino kwa kuanguka kutoka juu, takriban mmoja ana pingili ya mgongo iliyovunjika pia, na anaweza asiitaje kabisa kwa sababu maumivu ya kisigino yamefunika mengine yote. Anayejikinga kwa mikono huvunjika kifundo cha mkono au kiwiko. Kwa hiyo hata mtu akisema "mguu tu ndio unauma", mgongo, nyonga na kichwa bado vinatakiwa kuangaliwa.

Ndiyo sababu msimbebe mshike-mshike, mmoja makwapani na mwingine miguuni, huku kiuno kinaning'inia. Mwacheni alale alipo. Mmoja ashike kichwa kisigeuke, wengine watafute mlango au mbao pana, kisha watu wanne au zaidi wamgeuze mwili wote kwa pamoja na kumlaza juu yake. Kama gari la wagonjwa linaweza kufika mapema, lisubirini. Kama haliwezi, pikapu yenye huo mlango nyuma ni afadhali kuliko kumkunja kwenye kiti cha gari dogo. Msimpe maji wala soda hata akiomba, kwa sababu huenda akahitaji kuingizwa chumba cha upasuaji.

Wodini kazi kubwa ni ya madaktari na wauguzi, ila anayekwenda kumpa pole naye ana la kufanya. Asiyeweza kujigeuza anatakiwa kugeuzwa kila baada ya saa 2 ili asipate vidonda makalioni na visiginoni. Mhimizeni avute pumzi ndefu na kuchezesha vidole vya miguu, maana kulala muda mrefu kunakaribisha nimonia na damu kuganda kwenye mishipa ya miguu. Akiwa na hogo, vidole vikaanza kuvimba, kuwa vya baridi au kupata ganzi, au maumivu yakawa hayasikii dawa, muuguzi aitwe hapo hapo. Kama ameshatoka hospitali, arudishwe usiku huo huo, asisubiri kliniki ya Jumatatu. Misuli inaweza kufa kwa saa chache tu ndani ya hogo lililobana.

Kisha kuna ushauri wa mtaani, ambao humfikia mgonjwa kabla ya wetu. Supu ya makongoro anywe, haina ubaya, ila mfupa hauungi eti kwa kuwa supu nayo imetoka kwenye mfupa. Dagaa wanaotafunwa na miba yao, maharage, mayai, maziwa na mboga za majani vinampa protini na madini anayohitaji, tena kwa bei inayowezekana nyumbani ambako mshahara umeyumba. Kuchuliwa ni jambo jingine, na hapo sina upole. Mfupa uliovunjika ukichuliwa unasogea, unaunga vibaya au hauungi kabisa, na bandeji za kukaza sana zimeshawahi kugharimu watu viungo vilivyokuwa vizima. Sigara nazo huchelewesha mfupa kuunga. Mkienda kumwona, msimpelekee pakiti.

Sasa siku ya kutolewa hogo. Mguu unaotoka mle ndani humtisha hata mwenyewe: umekonda, ngozi inabanduka magamba, kifundo kimekakamaa. Kwa mtu mzima, mfupa wa mkono huunga kwa wiki 6 hadi 8 hivi, na wa mguu huchukua wiki 12 na mara nyingi zaidi ya hapo. Lakini mfupa kuunga ni jambo moja, mguu kufanya kazi ni jingine. Misuli iliyolala miezi mitatu hairudi kwa wiki mbili. Aliyevunjika kisigino vibaya anaweza kuendelea kupata nafuu kidogo kidogo hadi mwaka mmoja na nusu au miwili, na katika muda wote huo asubuhi anachechemea, mchana anatembea vizuri, jioni mguu umevimba tena. Anayemwona mchana tu atasema anadeka.

Kazi yenyewe ya mazoezi haina mbwembwe. Daktari akiandika kwamba mgonjwa aanze kukanyagia kilo 20, hakuna anayejua kilo 20 zinakuwaje chini ya unyayo. Tunaleta mizani ya kawaida ya kupimia uzito. Mgonjwa anasimamia mguu mzima juu ya ubao uliolingana kimo na mizani, magongo yakiwa mikononi, halafu anaukandamiza mguu ulioumia taratibu mpaka mshale ufike 20. Anarudia akiutazama mshale, kisha anarudia akitazama mbele. Kuna wanaofika 40 wakidhani wamegusa tu. Kuna wengine hawathubutu hata 5, na hao ndio hunipa wasiwasi zaidi, kwa sababu ruhusa ikishatolewa mfupa nao unahitaji uzito ili uimarike.

Magongo pia yana vipimo vyake. Mgonjwa akisimama wima, kati ya kwapa na kichwa cha gongo ibaki nafasi ya vidole viwili au vitatu, na mshikio uwe usawa wa kifundo cha mkono uliolegezwa. Uzito wa mwili unabebwa na viganja. Anayejining'iniza kwa makwapa hubana mishipa ya fahamu, na baada ya wiki kadhaa anashangaa kiganja kimelegea, hakinyanyuki. Magongo ya seremala yanafaa kabisa yakikatwa kwa kipimo cha mwenyewe na kuvalishwa raba chini. Kwenye ngazi, kupanda hutangulia mguu mzima. Kushuka hutangulia magongo pamoja na mguu mbovu. Mwanafamilia akae upande wa chini kila mara.

Halafu kuna choo, ambacho hakuna mgeni anayekiuliza. Mtu aliyevunjika nyonga, goti au kisigino hawezi kuchuchumaa, na nyumba nyingi za kupanga zina choo cha kuchuchumaa, tena cha uani. Wapo wanaopunguza kula na kunywa ili wasiende. Wanaishia kupata choo kigumu na kukosa nguvu za mazoezi. Ninyi mafundi mna dawa ya tatizo hili mikononi mwenu: kiti cha mbao imara chenye tundu katikati, na bomba la kushikia lililofungwa ukutani. Ni kazi ya nusu siku, na kwa maoni yangu ina thamani kuliko mchango wa pili.

Usafiri ndio unaofuata. Mgonjwa anayetakiwa kuja mazoezi mara mbili kwa wiki huanza kukosa mwezi wa pili, na ukimuuliza sababu atakwambia nauli. Bodaboda kwa mguu usiokunjika ni hatari tupu. Bajaji ina nafasi ya kuunyoosha mguu kwenye kiti, na wenzake wakipokezana kulipia safari moja moja, mahudhurio yanabadilika kabisa.

Aliyegonga kichwa ana mgogoro mwingine usioonekana kwenye X-ray. Anaweza kuwa na maumivu ya kichwa, usingizi kuvurugika, kusahau maelekezo aliyopewa dakika chache zilizopita na hasira za karibu. Kazini husemwa amebadilika tabia. Hata ambaye kichwa chake hakikuguswa anaweza kushtuka usiku akijiona anaanguka, au kukwepa njia inayopita kwenye ile saiti. Hali ikiendelea zaidi ya mwezi, aelezwe daktari kama anavyoelezwa maumivu ya mguu, maana inatibika. Walioshuhudia nao wamo kwenye hesabu hii. Aliyekuwa ameshika ngazi siku ile hulala vibaya bila kumwambia mtu. Na lile jina la utani "Magongo", ambalo saiti hulitunga kabla hata hajarudi, tafadhali libaki midomoni mwenu.

Upande wa fedha. Tanzania Bara kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008. Mchango wake hulipwa na mwajiri, na si halali kuukata kwenye mshahara wa mfanyakazi. Mfuko hugharamia matibabu, vifaa saidizi na utengamao, yaani huduma za kumrudishia mtu uwezo wake, na kwa aliyeshindwa kazi kwa muda hulipa asilimia 70 ya mshahara wake kwa kipindi kisichozidi miezi 24. Mwajiri anatakiwa kuutaarifu Mfuko ndani ya siku 7 baada ya kupata habari za ajali. Shida hutokea hasa kwa vibarua ambao kumbukumbu yao ya kazini ni jina kwenye daftari la msimamizi. Wenzake wanaweza kuokoa mengi kwa kuandika mapema tarehe, saa, mahali alipoangukia, alikuwa anafanya nini na nani walikuwepo, na kumkumbusha atunze vyeti, barua za rufaa na risiti zote mahali pamoja. Baada ya miezi mitano kila mtu anakumbuka lake.

Kurudi kazini kusisubiri apone asilimia mia. Kadiri mtu anavyokaa nje muda mrefu, ndivyo uwezekano wa kurudi unavyopungua, hata mwili ukiruhusu. Simu ya msimamizi kila wiki mbili, isiyouliza "unarudi lini?", inamfanya ajue nafasi yake ipo. Daktari akiruhusu kazi nyepesi, aanze kwa saa chache, akipewa kazi ya kukaa na kusimama kwa zamu: kutoa vifaa stoo, kupima na kukunja ringi za nondo mezani, kuhesabu mifuko ya saruji, kuwaelekeza saidia fundi. Mkataba huo usemwe mbele ya wenzake wote, vinginevyo siku ya tatu kuna atakayemwita ashike upande mmoja wa ndoo ya zege.

Kupanda juu ni suala la mwisho kabisa, na ruhusa ya daktari pekee haitoshi. Awe anaweza kusimama kwa mguu ulioumia peke yake bila kushikilia, kupanda na kushuka ngazi bila maumivu, na awe ametaka mwenyewe. Kabla hajapanda, jukwaa lenyewe likaguliwe: mbao zimejaa upana wote, kuna kizuizi cha kushikia pembeni, mirunda iliyooza imetolewa, mkanda wa usalama umefungwa mahali panapohimili mtu. Kama jukwaa ni lile lile na limefungwa vile vile, tatizo halikuwa mguu wake. Wako wasiotaka kupanda tena maisha yao yote, na fundi mwenye uzoefu wa miaka 15 anayefanya kazi chini bado anajua kusoma ramani, kukadiria vifaa na kuona mrunda uliopinda kabla vijana hawajaukanyaga.