Mungu Akikurudia: Tunayodhani na Yaliyoandikwa

Hakuna Mkristo anayebisha kwamba Mungu hutoa nafasi ya pili. Tunaiimba, tunaiombea, tunaitolea ushuhuda. Shida iko kwenye kinachofuata: mtu ameshainuliwa, je, kesho yake asubuhi afanye nini? Hapo ndipo dhana nyingi zimeota mizizi, na baadhi yake zinasikika za kiroho kabisa.

Dhana: Mungu akinirudia atanipa jambo jipya, lile la zamani limeshapita.

Yona mwana wa Amitai alitumwa Ninawi, mji wa Waashuri ambao magofu yake yapo hadi leo pembeni ya Mosul, nchini Iraq. Akashuka Yafa, akalipa nauli, akapanda merikebu ya kwenda Tarshishi, ambayo wataalamu wengi huiweka upande wa Hispania. Yaani aliambiwa mashariki, akakata tiketi ya magharibi. Dhoruba, samaki, siku tatu tumboni: hayo kila mtoto wa shule ya Jumapili anayajua. Tusichokaa nacho ni jinsi sura ya tatu inavyoanza. Neno la Bwana likamjia Yona mara ya pili, na neno lenyewe ni lile lile: ondoka, uende Ninawi. Hakupunguziwa safari wala hakuhamishiwa mji wenye watu wapole.

Kwa hiyo aliyemkwepa Mungu kwenye suala la kupatana na ndugu yake, kisha akarudi kwa machozi, asishangae kukuta wa kwanza anayemsubiri ni ndugu yule yule. Tunapenda sana kuombea mlango mpya wakati ule wa zamani hatujaugonga.

Hata hivyo, si kila agizo hurudi lilivyokuwa, na tunaomhubiri Yona tuliseme hili pia. Kule Kadeshi, Waisraeli walikataa kupanda kuiingia nchi ya ahadi baada ya kusikia habari za wapelelezi. Walipoambiwa kwamba kizazi chao kitaishia jangwani, wakaomboleza, wakaamka alfajiri wakapanda mlimani: tumekosa, sasa tuko tayari. Musa akawazuia, hawakusikia. Sanduku la agano halikutoka kambini, na Waamaleki na Wakanaani wakawapiga mpaka Horma (Hesabu 14). Agizo walilokuwa nalo wakati huo lilikuwa kugeuka kuelekea nyikani, kwa njia ya Bahari ya Shamu. Wao wakawa wanatii amri ya jana, kwa bidii kubwa, wakiasi ya leo.

Dhana: Utii wangu ndio utakaomlipa Mungu kwa aliyonisamehe.

Angalia tu mpangilio wa matukio. Yona alitapikwa nchi kavu kabla hajapiga hata hatua moja kwenda Ninawi. Petro, aliyemkana Bwana mara tatu, alikuta ufukweni moto wa makaa, samaki na mkate. Akala kwanza, ndipo akaulizwa kama anampenda Yesu, ndipo akaambiwa alishe kondoo (Yohana 21). Kazi ilikuja baada ya kifungua kinywa. Anayetii ili alipe deni atachoka njiani, au mbaya zaidi, atafika siku akajiona amelimaliza.

Dhana: Nimesamehewa, kwa hiyo yaliyopita nisiulizwe tena.

Hii ndiyo inayoumiza watu wengi, kwa hiyo tukae nayo kidogo. Chukua mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa aliyekula fedha za wenzake. Anakuja mbele kanisani, anatubu kwelikweli, anaombewa, wiki ijayo anashuhudia. Nyuma kabisa amekaa mama mmoja, mwanachama wa kikundi hicho, ambaye ada ya mtoto wake ilikuwa ndani ya hizo fedha. Anapiga makofi pamoja na wengine. Lakini daftari la kikundi bado linasoma vilevile.

Akimkumbusha, ataambiwa asimhukumu mtu aliyeokoka. Biblia haimuungi mkono mwenye kusema hivyo. Torati ilimtaka mkosaji aungame na arudishe alichochukua chote, kisha aongeze sehemu ya tano juu yake, ampe aliyemkosea (Hesabu 5:7). Zakayo, mkubwa wa watoza ushuru pale Yeriko, alivuka hapo. Alitoa nusu ya mali yake kwa maskini, na kila aliyemdhulumu aliahidi kumrudishia mara nne, kiwango ambacho Torati ilimwekea mwizi wa kondoo aliyekwisha kumchinja au kumuuza (Kutoka 22:1). Hakusubiri kubanwa, alijipangia mwenyewe adhabu ya mwizi. Yesu ndipo akatamka kwamba wokovu umefika nyumbani humo.

Daudi naye aliambiwa na nabii Nathani kwamba Bwana ameiondoa dhambi yake, hatakufa. Katika mazungumzo yale yale aliambiwa pia kwamba upanga hautaondoka nyumbani mwake. Msamaha ulikuwa wa kweli, na machungu yaliyofuata yalikuwa ya kweli.

Kama huna cha kurudisha, sema huna, na uweke mpango wa kulipa kidogo kidogo. Elfu kumi ya kila mwezi inayofika kwa wakati ni toba inayoonekana.

Dhana: Mungu amenirudisha, basi na watu wanirudishie nafasi yangu.

Yohana Marko aliwaacha Paulo na Barnaba huko Perge ya Pamfilia, akarudi Yerusalemu. Ilipopangwa safari nyingine, Barnaba alitaka kumchukua tena. Paulo akakataa katakata, na mabishano yakawa makali hadi wakaachana. Marko akaenda Kipro na Barnaba. Matendo ya Mitume haisemi kwamba alilalamika. Miaka baadaye Paulo, akiwa kifungoni, anamwagiza Timotheo amlete Marko kwa sababu anamfaa katika utumishi (2 Timotheo 4:11). Kuaminiwa tena kulichukua muda, na kulihitaji mtu mmoja aliyekubali kukaa naye muda huo wote. Makanisa yetu yana akina Paulo wa kutosha. Akina Barnaba ni wachache.

Dhana: Nitatii nikishajisikia amani moyoni.

Katika mfano wa wana wawili (Mathayo 21), wa kwanza alisema sitaki, kisha akajuta akaenda shambani. Wa pili alisema naenda, bwana, tena kwa adabu nzuri, hakwenda. Yesu hakuuliza nani alijisikiaje, aliuliza ni yupi aliyefanya mapenzi ya baba. Yona mwenyewe alihubiri Ninawi akiwa na kinyongo, na mji ulipotubu alikasirika hata akaomba afe. Mungu hakuikataa kazi yake. Hakumwacha na kinyongo chake pia: alimfuata hadi chini ya mtango, akaanza kuushughulikia moyo wake huko.

Dhana: Mungu ni mvumilivu, muda upo.

Ni mvumilivu, ndiyo. Lakini tazama liwali Felix kule Kaisaria. Paulo alipozungumza naye juu ya haki, kiasi na hukumu ijayo, Felix aliingiwa na hofu, akamwambia aende zake kwa sasa. Akipata nafasi atamwita. Na kweli alimwita, si mara moja. Alizungumza na Paulo mara nyingi, huku akitumaini kupenyezewa rushwa. Baada ya miaka miwili, Porkio Festo akaja kushika cheo chake, na Felix akaondoka akimwacha Paulo kifungoni ili awafurahishe Wayahudi.