Barua ya Papa iliyoishia Mombasa

Mzee alikuja ofisini Jumatatu asubuhi na bahasha ya kaki aliyoibandika gundi mpaka pembe zimekauka kama ubao. Juu ameandika kwa herufi kubwa: KWA BABA MTAKATIFU, ROMA. Ndani, aliniambia, mna karatasi nane za daftari, mbele na nyuma, zinazoeleza jinsi paroko wake alivyokodisha kipande cha kiwanja cha kanisa bila kuwashirikisha waumini. Alitaka mambo mawili tu: nimwambie stempu za kwenda Vatikani ni shilingi ngapi, na nimhakikishie kwamba Papa anasoma Kiswahili.

Mimi ni mlei, yaani si padre, niliyesomea Sheria za Kanisa. Kazi yangu ni kesi za ndoa, ambako nasimama kama mtetezi wa kifungo, yaani yule anayelipwa kuitetea ndoa hata pale wenye ndoa yao wameshaichoka. Lakini mlango ukiwa na maandishi "mahakama ya Kanisa", watu huingia na kila kitu. Nikamvutia kiti. "Mzee wangu," nikamwambia, "hii barua Papa hata akiisoma, ataituma huku huku."

Hakuniamini, na sikumlaumu. Sisi tuliokulia enzi za mkuu wa mkoa tunajua mamlaka yanavyoshuka: rais juu, mkuu wa mkoa chini yake, kisha mkuu wa wilaya, kisha chifu na naibu wake. Ukidhulumiwa na chifu, unatafuta mtu wa kumpigia simu Nairobi. Ndivyo Wakatoliki wengi wanavyolifikiria Kanisa. Papa ni rais, askofu ni mkuu wa mkoa, paroko ni chifu. Picha hiyo ni nzuri kwa kuchorea ubaoni, ila ni ya uongo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu wa dunia nzima, ulisema wazi mwaka 1964 kwamba maaskofu hawapaswi kuhesabiwa kuwa mawakili wa Papa. Askofu analiongoza jimbo lake kwa mamlaka yake mwenyewe, aliyoyapata kwa daraja yake, yaani kwa kuwekwa wakfu kuwa askofu. Hajakaimishwa na mtu.

Basi Papa ni nani? Kwanza kabisa, naye ni askofu mwenye jimbo, na jimbo lake ni Roma. Tena kanisa kuu lake si lile la Mtakatifu Petro tunaloliona kwenye runinga kila Krismasi. Kiti chake cha kiaskofu kiko Laterano, upande mwingine wa mji, kama vile kiti cha askofu wetu kilivyo katika Kanisa Kuu la Roho Mtakatifu pale Barabara ya Nkrumah. Mengine yote aliyo nayo yanatokana na hilo: Petro alifia Roma, na anayekalia kiti cha Roma anarithi kazi ya Petro.

Jirani yangu Mwislamu, tunayekutana naye kwenye kahawa chungu jioni, aliniuliza Papa kwao angekuwa nani. Imamu? Kadhi? Mufti? Nikamwambia Radio Vatikani yenyewe, ikitangaza kwa Kiswahili, humwita "Khalifa wa Mtakatifu Petro". Akacheka, akasema hilo analielewa kuliko "Papa", maana kwake papa ni yule anayekaushwa na kuuzwa Kongowea.

Sasa tuje kwenye nguvu zake, maana kusema askofu si naibu wake hakumfanyi Papa kuwa mwenyekiti wa heshima. Kanuni namba 331 ya Sheria za Kanisa inampa mamlaka ya juu kabisa, kamili, ya moja kwa moja, na yanayoenea Kanisa zima, na anaweza kuyatumia wakati wowote bila kuomba ruhusa. Kanuni namba 1404 inaongeza kwa maneno machache kuliko haya yangu: Kiti cha kwanza hakihukumiwi na mtu. Hakuna mahakama ya Kanisa inayoweza kumwita Papa kizimbani. Akitaka kung'atuka anang'atuka, kama Benedikto XVI alivyofanya Februari 2013, na sheria haidai mtu yeyote akubali barua yake.

Kwa maoni yangu, mahali mamlaka hayo yanapougusa mkono wa Mkristo wa Pwani kuliko pote ni katika kumteua askofu. Hatupigi kura. Balozi wa Papa aliyeko Nairobi huuliza watu, mapadre na walei pia, kwa barua za siri. Ukipata barua hiyo huruhusiwi kumwambia hata mwenzio wa nyumbani, na unairudisha pamoja na majibu. Mwishowe balozi anapeleka Roma majina matatu. Kwa majimbo kama yetu, ambayo bado yanahesabiwa nchi za kimisionari, faili linapitia idara ya Uinjilishaji, halafu linawekwa mbele ya Papa. Yeye anaweza kuchukua wa kwanza, anaweza kuchukua wa tatu, anaweza kuwakataa wote. Tangazo hutoka saa sita mchana za Roma, kwetu saa saba au saa nane kutegemea majira yao, na hapo ndipo simu zetu zinapochachamaa. Askofu akifika miaka 75, sheria inamtaka aandike kuomba kustaafu. Papa akiitikia mara moja sawa, akimwacha aendelee miaka miwili pia sawa.

Mombasa imekuwa jimbo tangu mwaka 1955 na jimbo kuu tangu 1990, kwa hiyo askofu mkuu wetu anavaa palio takatifu, ule ukanda mweupe wa sufu mabegani wenye misalaba midogo myeusi. Unatoka kwa Papa. Wengi wanadhani ukanda huo unamfanya kuwa bosi wa maaskofu wa Malindi na Garissa. Hapana. Ana uangalizi fulani juu yao, lakini hawezi kumhamisha padre hata mmoja wa Malindi. Anayeweza kuvuka mipaka yote ya majimbo bila kubisha hodi ni Papa peke yake, na hata yeye huwa anabisha.

Kingine ni kutunga sheria. Kabla ya Desemba 2015, mahakama yetu ikiamua kwamba ndoa fulani ilikuwa batili tangu mwanzo, uamuzi huo haukutosha. Ilibidi mahakama ya pili isome faili lote na kukubaliana nasi, ndipo mtu awe huru kuoa au kuolewa. Nimeona watu wakisubiri mpaka mchumba akakata tamaa. Papa Fransisko akaliondoa sharti hilo kwa kalamu. Sasa hukumu moja inatosha kama hakuna aliyekata rufani. Akataka pia watu wahudumiwe bure kadiri inavyowezekana. Hakuna bunge lililokaa kujadili kwa kura. Kwa mtetezi wa kifungo kama mimi ni kazi kubwa zaidi, kwani nikinyamaza mimi, hakuna mahakama ya pili ya kulikamata kosa.

Lakini kuna mambo ambayo sisi mahakamani hatuyawezi kabisa, wala askofu hayawezi. Nitatoa mifano ya wanawake wawili. Nimechanganya visa ili mtu asijitambue.

Wa kwanza alibatizwa Mkatoliki. Akafunga ndoa ya serikali na Mwislamu, bila kibali cha askofu, bila padre. Wakaachana. Anataka kuolewa kanisani. Alikuja akilia, ameambiwa jumuiyani kwamba jambo lake ni zito na lazima liende kwa Papa. Haliendi popote. Mkatoliki anafungwa na sheria ya kufunga ndoa mbele ya mhudumu wa Kanisa na mashahidi wawili. Hakufanya hivyo wala hakuondolewa wajibu huo, kwa hiyo mbele ya Kanisa hapakuwa na ndoa. Cheti cha ubatizo, cheti cha ndoa ya serikali, hati ya talaka, maswali machache, kwisha. Angepata kibali cha askofu mwanzoni, ambacho hapa Mombasa hutolewa mara nyingi, hadithi ingekuwa nyingine.

Wa pili alibatizwa Kianglikana huko Taita. Naye alifunga ndoa ya serikali na mwanamume ambaye hajabatizwa popote. Wakaachana. Amempata Mkatoliki, wanataka kuoana. Visa vinafanana kama pacha, sivyo? Na hapa ndipo watu wanapodhani tunawaonea. Huyu hakuwa Mkatoliki, kwa hiyo sheria yetu ya padre na mashahidi haikumfunga. Ndoa yake ni halali na sisi tunaiheshimu. Ila kwa kuwa mmoja wao hajabatizwa, si sakramenti, na ndoa ya namna hiyo inaweza kufunguliwa kwa ajili ya imani. Anayeweza kuifungua duniani ni mtu mmoja. Si mimi, si hakimu wetu, si askofu mkuu. Sisi kazi yetu ni kukusanya: ushahidi kwamba yule mume hakubatizwa kweli (nimewahi kumhoji bibi wa miaka mingi kuhusu utoto wa mjukuu wake, chini ya mwembe), kwamba hakuna tena tumaini la kurudiana, kwamba si mwombaji aliyeivunja ndoa. Askofu anaandika maoni yake. Faili linaenda idara ya Mafundisho ya Imani, na kutoka hapo linafikishwa kwa Papa mwenyewe.

Hivyo mwanamke aliyedhani lake ni la Papa, likamalizwa na karatasi tatu. Na yule aliyedhani lake ni dogo, ndilo lililopanda ndege.

Kuhusu kutokosea nitasema kidogo, kwa sababu watu hulipenda mno. Mtaguso wa Kwanza wa Vatikano ulitangaza mwaka 1870 kwamba Papa hakosei anapofundisha rasmi, kwa mamlaka yake yote, jambo la imani au maadili la kushikwa na Kanisa zima. Tangu hapo njia hiyo imetumika wazi mara moja, mwaka 1950, Pio XII alipotangaza kupalizwa kwa Bikira Maria mbinguni, yaani kuchukuliwa mwili na roho. Papa akisema mvua itanyesha kesho, beba mwavuli ukitaka. Na ule utawala wa nchi ya Vatikani, hekta 44 tu tangu mkataba wa 1929, upo ili asiwe raia wa chini ya serikali ya mtu. Kisiwa chetu hiki kingeimeza mara thelathini.

Alipofariki Papa Fransisko, Jumatatu ya Pasaka 2025, nilisali Misa ya asubuhi kesho yake. Padre akafika pale jina la Papa hutajwa. "Pamoja na..." akanyamaza, akameza mate, akarukia jina la askofu. Kwa siku kumi na saba palikuwa na shimo katika sala ile, hadi Mei 8, makardinali 133 walipompata Leo XIV. Ni Papa wa kwanza kutoka Shirika la Mtakatifu Augustino, shirika ambalo lilikuwa na nyumba hapa Mombasa enzi za Wareno, na ambalo lilimlea kule Goa, India, yule Sultani wa Mombasa, Yusuf bin Hasan, aliyewageuka Wareno mwaka 1631. Sijui kama kuna aliyemkumbusha Papa Leo.

Yule mzee nilimwonyesha kanuni mbili: inayotaka kila parokia iwe na halmashauri ya fedha, na inayompa askofu uwezo wa kumwondoa paroko. Nikamwambia pia kwamba haki yake ya kuiandikia Roma iko pale pale, hakuna anayeweza kumnyang'anya. Akafikiri. Akaniomba kalamu, akakata "Baba Mtakatifu, Roma", akaandika "Baba Askofu Mkuu". Alichosikitikia ni bahasha tu kuchafuka.

Faili la mwanamke wa Taita liko Roma. Kila Jumatatu ananipigia simu.

"Mwalimu, Papa amesemaje?"

"Bado, dada."

"Lakini amelipata?"

"Wamelipata."

"Haya. Nitapiga wiki ijayo."