Je, wajua? Dagaa wa Kigoma na dagaa wa Mwanza si ndugu

Nunua fungu la dagaa mwalo wa Kibirizi, Kigoma, kisha nunua lingine Kirumba, Mwanza. Ukishawaunga kwa nyanya na kitunguu, hakuna atakayeuliza ukoo wao. Wauzaji nao hubishana juu ya mchanga, ukubwa na bei tu, na wa Kigoma kwa kawaida huuzwa ghali zaidi. Lakini kwa watu wa biolojia ya mageuzi hawa ni samaki wa koo mbili zilizoachana tangu enzi za dinosaria. Mtu na ng'ombe wana undugu wa karibu kuliko dagaa hawa wawili.

Dagaa wa Kigoma ni wa ukoo wa heringi na sadini, wale wa kwenye makopo, ambao wengi wao huishi baharini. Wako wa aina mbili: Stolothrissa tanganicae, anayefikia sentimita 10 hivi, na Limnothrissa miodon, anayeweza kufika 17. Dagaa wa Ziwa Victoria ni Rastrineobola argentea, na huyo yumo katika kundi la ningu, samaki wa maji baridi tangu mababu zake. Usipa wa Ziwa Nyasa naye ni wa upande huo wa ningu. Kwa hiyo "dagaa" ni jina la jikoni na la sokoni. Linataja umbo na kazi ya samaki, halitaji nasaba.

Unaweza kuhakikisha mwenyewe. Chukua samaki mbichi, maana aliyekauka mara nyingi mapezi yake yamekatika. Ukikosa, mloweke mkavu majini hadi alainike na utafute shina la pezi. Mlaze ubavu. Angalia kwanza pezi la mgongoni. Kwa dagaa wa Kigoma liko karibu na katikati ya mwili, mbele kabisa ya lile pezi la chini lililo nyuma ya tundu la haja. Kwa dagaa wa Mwanza pezi la mgongoni limesogea nyuma, hata liko juu ya pezi hilo la chini. Kisha tafuta mstari wa vitundu ubavuni, ambao samaki huutumia kuhisi mtikisiko wa maji. Wa Mwanza anao, umepita chini chini karibu na tumbo. Wa Kigoma hana mstari huo mwilini. Mwisho chukua lenzi utazame ukingo wa tumbo: samaki wa ukoo wa heringi ana safu ya magamba magumu yaliyokunjwa kama kigae cha paa. Kwa dagaa wa Kigoma magamba hayo ni dhaifu, hivyo usitegemee kuyapapasa kwa kidole. Wengi hukosea hapo, wakamtangaza heringi kuwa si heringi.

Kinywani pia kuna tofauti, ingawa huwezi kuiona bila kupasua. Kundi la ningu halina meno kwenye taya. Meno yao yako kooni.

Sasa, kama hawana undugu, kwa nini wanafanana hivyo? Kwa sababu wanafanya kazi moja. Wote wawili hula wadudu wadogo sana wanaoelea majini, hasa kopepodi, mbali na ufuko, mahali pasipo na jiwe wala jani la kujificha. Huko adui huja kutoka pande zote. Ubavu wa fedha huakisi mwanga na kumpoteza samaki machoni, mwili mwembamba humpa mbio, na kuishi kwa makundi humchanganya mwindaji. Kwa vizazi vingi, waliokosa sifa hizo waliliwa kabla ya kuzaa. Koo mbili zikachongwa na tatizo lilelile hadi zikatoka na umbo moja.

Hata masikio yamefuata njia hiyo. Samaki wa kundi la ningu ana mifupa midogo iliyounganishwa kama mnyororo, inayopeleka sauti kutoka kibofu cha hewa hadi sikioni. Wa ukoo wa heringi hana mnyororo huo. Kwake kibofu chenyewe kimerefushwa kuwa mrija unaofika sikioni. Kazi ni moja, vifaa ni viwili tofauti. Kwangu huu ndio ushahidi mtamu kuliko yote.

Tabia pia zinalingana, na ndiyo maana karabai, na siku hizi taa za sola, zinafanya kazi maziwa yote mawili. Mchana dagaa wako chini. Usiku hupanda wakifuata kopepodi, na mwanga huwakusanya. Mbalamwezi ikiwa kali taa hupoteza nguvu, wavuvi hupumzika.

Swali gumu zaidi ni heringi alifikaje Kigoma, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka bahari yoyote. Mwishoni mwa karne ya 19 mtafiti Mwingereza J. E. S. Moore aliona konokono na viumbe wengine wa Tanganyika wanaofanana na wa baharini, akadai ziwa hili ni kipande cha bahari ya kale. Haikuwa hivyo. Ziwa lilizaliwa kwa kupasuka kwa Bonde la Ufa, miaka milioni 9 hadi 12 iliyopita, na maji yake hutoka kwa mto Lukuga kuelekea Kongo. Uchunguzi wa DNA umeonyesha kwamba mababu wa dagaa waliingia mito ya Afrika Magharibi kutoka baharini kati ya miaka milioni 25 na 50 iliyopita. Walizoea maji baridi kwanza, wakasambaa mitoni, na ziwa likawakuta tayari.

Ushahidi wa namna hiyo huharibika kirahisi mwaloni. Anayetaka DNA hukata kipande kidogo cha pezi na kukitumbukiza kwenye ethanoli ya asilimia 95 au zaidi, ujazo wa ethanoli ukiwa kama mara kumi ya nyama. Siku ya pili hubadilisha ethanoli, kwa kuwa maji ya nyama yameshaichuja nguvu na sampuli itaoza polepole bila kunuka. Fomalini ni nzuri kwa kuhifadhi umbo, lakini hukatakata DNA na kuigandisha na protini. Samaki aliyelala kwenye fomalini miezi mingi ni wa kupimwa kwa rula tu.

Nasaba hii ina uzito katika usimamizi wa uvuvi, kazi ambayo taarifa zake hukusanywa na Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, TAFIRI, iliyoundwa mwaka 1980 na yenye kituo Kigoma. Mwaloni mtafiti hupima mzigo wote wa chombo kwanza, kisha huchota sampuli kutoka juu, katikati na chini ya ndoo. Akichota juu pekee anaweza kupata ukubwa mmoja tu wa samaki. Hutenganisha aina mbili za dagaa na vifaranga vya mgebuka, samaki mwingine wa ziwa hilo, hupima urefu kwa milimita, hupasua matumbo kuona waliokomaa. Stolothrissa huishi kama mwaka mmoja, hivyo mwaka mbaya wa kuzaliana huonekana kwenye nyavu haraka; lakini pia akipumzishwa hurudi haraka. Kwa hoja ya kuwapa samaki nafasi ya kuzaliana, Tanzania ilifunga uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024.

Limnothrissa naye amesafiri kuliko mwenzake. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alipelekwa Ziwa Kivu, ambako leo anaitwa isambaza, na mwaka 1967 na 1968 akapandwa bwawa la Kariba, kati ya Zambia na Zimbabwe. Huko hubaki mdogo kuliko wa Tanganyika, na wenyeji humwita kapenta.